Afya ya Nyumba: Unene, Wembamba na Ugonjwa wa Sukari

Mwezi huu twataka kunena habari ya jambo moja katika ugonjwa wa sukari, ambalo watu wengi huliamua kwa macho tu pasipo kupima. Wakimwona mgonjwa mnene husema, "Huyu ana sukari ya watu wazima, vidonge vyamtosha." Wakimwona mwembamba husema, "Sukari haimpati mtu mkavu kama huyu, tumtafutie ugonjwa mwingine." Hukumu hizo mbili zina ukweli kidogo ndani yake, ndiyo maana zimedumu, walakini kila moja yaweza kumpoteza mtu kwa siku chache. Maana katika ugonjwa wa sukari iko hatari moja iitwayo ketoasidosi, yaani damu kuingia uchachu, nayo humjia mnene na mwembamba pia, ingawa haiwajii kwa kadiri moja wala kwa njia moja.

Kwanza tueleze namna inavyotokea. Nyuma ya tumbo la chakula pana kiungo kiitwacho kongosho, nacho hutia katika damu kitu kiitwacho insulini. Watu wengi wamefundishwa kazi moja ya insulini, kwamba huiwezesha sukari ya damu kuingia katika misuli ikatumika. Kazi yake ya pili haisemwi sana, nayo ndiyo inayotuhusu leo: insulini huyalinda mafuta ya mwili. Mafuta hayo ndiyo ghala letu. Siku ya njaa mlinzi wa ghala hufungua mlango kidogo, mafuta hutoka kwa kipimo yakaenda kwenye ini, na ini hugeuza sehemu yake kuwa vitu viitwavyo ketoni, ambavyo moyo na ubongo huweza kuvitumia badala ya sukari. Mtu aliyelala bila kula huamka na ketoni kidogo katika damu yake, wala hazimdhuru. Lakini mlinzi akiondoka kabisa, mlango hubaki wazi. Mafuta humiminika usiku na mchana, ini hutengeneza ketoni kupita kiasi, na kwa kuwa nyingi katika hizo ni tindikali, damu nayo huchachuka.

Kipimo cha ketoni za damu ni milimoli kwa lita. Mtu mwenye afya, aliyekula, huwa chini ya 0.6. Aliyefunga siku nyingi bila chakula aweza kufika 5 au 6, na damu yake isichachuke sana, kwa sababu insulini yake kidogo ingalipo na huzizuia zisizidi. Mgonjwa wa sukari aliyeishiwa insulini hana kizuizi hicho. Akifika 3 madaktari huiona kuwa hatari, naye asipotibiwa aweza kupita 10.

Sasa shikeni neno hili, maana mengine yote yatoka hapo. Insulini ndogo sana yatosha kulifunga ghala la mafuta. Bali kuiingiza sukari katika misuli kwahitaji insulini nyingi zaidi. Mtu mnene aliyepatwa na sukari katika utu uzima kwa kawaida bado ana insulini, tena pengine nyingi, ila mwili wake umekuwa mzito kuisikia. Insulini hiyo haitoshi kuishusha sukari, lakini yatosha kuyazuia mafuta. Kwa hiyo aweza kukaa miaka mingi na sukari nyingi katika damu, macho yakififia na miguu ikifa ganzi, wala asipate ketoni za kumdhuru. Mtoto ambaye kongosho lake limeharibika hana hata hiyo ndogo. Yeye huyeyuka kama samli juani.

Daktari mmoja wa Paris, Étienne Lancereaux, alilitambua jambo hili katika karne ya 19, akaitenga sukari ya wembamba na sukari ya wanene. Mwaka 1936 Harold Himsworth wa London alionyesha kwamba wako wagonjwa ambao insulini huwashusha sukari upesi, na wengine ambao miili yao haiiitikii vema. Tangu hapo kanuni ikakaririwa: mwembamba hupata ketoni, mnene hapati. Na kwa hakika wembamba waliowaona madaktari wa zamani ulikuwa wa kutisha. Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alilazwa katika hospitali ya Toronto General huko Kanada akiwa na uzito wa ratili 65, yaani kilo zipatazo 29, na pumzi yake ikinuka asetoni, ambayo ni moja ya hizo ketoni. Tarehe 11 Januari 1922 alidungwa insulini, mgonjwa wa kwanza wa Toronto kuipata, lakini dawa ile ilikuwa na taka, haikumfaa sana. James Collip akaisafisha, na tarehe 23 Januari kijana akadungwa tena. Sukari ikashuka, ketoni zikatoweka katika mkojo wake, akaanza kuchangamka. Aliishi hata mwaka 1935.

Agosti ya mwaka huohuo alifika kwa Frederick Banting binti wa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, jina lake Elizabeth Hughes. Alikuwa karibu kutimiza miaka 15, na uzito wake ratili 45 hivi, si zaidi ya kilo 21. Kwa miaka mitatu alikuwa ametunzwa kwa kunyimwa chakula, kwa kuwa hapakuwa na dawa nyingine: waliokula walikufa upesi kwa ketoni, na waliofungishwa walikufa polepole kwa njaa. Baba yake alikuwa na cheo na mali, wala havikumwongezea hata kilo moja mpaka insulini ilipopatikana. Baadaye aliolewa, akazaa, akaishi hata mwaka 1981.

Leo insulini ipo, lakini watoto wangali wakifa kwa kutotambuliwa. Hapa twasema nanyi waalimu, kwa kuwa pengine mwalimu huona kabla ya mzazi. Tuseme yuko mtoto ambaye zamani alikuwa mtulivu darasani, sasa aomba ruhusa kwenda chooni mara tatu katika somo moja, na akirudi hupitia kwenye mtungi wa maji. Kaptura yake imelegea kiunoni. Nyumbani amerudia kukojoa kitandani, na mama yake ameona sisimizi wakikusanyika mahali alipokojoa. Hula kuliko ndugu zake, na bado hupungua. Mwalimu asimwadhibu mtoto huyo kwa utoro wa chooni. Sukari asiyoweza kuitumia humwagika katika mkojo, nayo huvuta maji pamoja nayo. Akipoteza gramu 200 kwa siku, ni kama mtu amwagaye nje vijiko 40 vya sukari kila siku huku nyumba yake ina njaa. Ndipo mwili huanza kula mafuta yake, kisha nyama yake.

Kasi ya kupungua yaonya kuliko wembamba wenyewe. Wako watoto wembamba tangu kuzaliwa, nao ni wazima. Lakini mtoto anayepungua kilo kadhaa kwa majuma machache, huku ana kiu na kukojoa sana, apimwe sukari siku hiyohiyo. Tone moja la damu ya kidole latosha, na jibu hupatikana kabla maji ya chai hayajachemka. Akiachwa, zitakuja dalili za damu iliyochachuka: kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, ulegevu, harufu ya pumzi kama ya matunda yaliyoiva mno, na kupumua kwa nguvu na kwa kina kama mtu aliyetoka mbioni ilhali amelala. Kupumua huko Adolf Kussmaul, daktari wa Kijerumani, alikueleza mwaka 1874, na mpaka leo kwaitwa kwa jina lake. Mwili watafuta kuutoa uchachu kwa njia ya pumzi. Watu wa nyumbani huona kutapika wakasema ni malaria, huona tumbo wakasema ni minyoo, husikia pumzi wakasema ni kichomi. Na wengi, kwa huruma, humkorogea glukosi ya unga ili apate nguvu. Wengine, wakiona mtoto au kijana amekonda, hunong'onezana juu ya UKIMWI au uchawi, wakamficha ndani. Mtoto aliyefika hapo asingojee asubuhi. Apelekwe hospitali usiku uleule, na anayempeleka aseme waziwazi, "Twaogopa sukari," maana neno hilo laweza kumfupishia foleni.

Katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, madaktari waliwafuatia wagonjwa wapya 1,250 wa sukari walioandikwa kati ya mwaka 1981 na 1987. Miongoni mwa wale waliohitaji insulini, ketoasidosi ilikuwa mojawapo ya sababu kubwa za kifo. Mahali insulini ni ghali au haipatikani kila mwezi, hatari hiyo haijaondoka.

Hata hapa kanuni ya zamani yaonekana kuwa kweli: mwembamba na ketoni wakifuatana. Basi tusikilize habari za Jamaika. Mwaka 1955 daktari aitwaye Philip Hugh-Jones aliandika juu ya wagonjwa 13 wa huko. Walikuwa vijana, wamekonda, sukari yao juu sana, tena walihitaji insulini nyingi kuliko kawaida. Kwa kanuni ile walipaswa kujaa ketoni. Hawakuwa nazo. Wengine wa namna hiyo wakaonekana baadaye katika nchi za Asia na Afrika, hasa miongoni mwa watu waliokua kwa njaa. Madaktari wametoa sababu mbili: kwanza, kongosho lao limedhoofika lakini bado latoa ile insulini ndogo iwezayo kulifunga ghala, pili, ghala lenyewe ni karibu tupu. Shirika la Afya Ulimwenguni liliutambua ugonjwa huo mwaka 1985 kuwa sukari itokanayo na utapiamlo, likaufuta katika orodha yake mwaka 1999, na mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likaurudisha kwa jina la aina ya tano. Hatuoni ajabu kwamba wataalamu wamebishana miaka mingi. Ila kwa mgonjwa mwenyewe ubishi huo una gharama: mkulima mwembamba asiye na ketoni hawi salama kwa sababu hiyo, maana sukari yake ikiachwa juu, macho, figo na miguu huharibika vilevile.

Kisha tazameni upande wa pili. Huko Brooklyn katika mji wa New York, kuna mtaa uitwao Flatbush, wenye wakazi wengi weusi waliotoka visiwa vya Karibi. Katika miaka ya 1980 na 1990 madaktari wa Marekani walianza kueleza habari za watu weusi, wengi wao wanene, wazima wa umri, ambao hawakujua kwamba wana sukari, wakaletwa hospitali damu imechachuka kabisa kama ya mtoto asiye na insulini. Wakatiwa maji ya mshipani na insulini, wakapona. Baada ya majuma au miezi likatokea jambo la ajabu: insulini ikapunguzwa kidogo kidogo, na zaidi ya nusu yao wakaweza kuiacha, wakaendelea kwa vidonge na chakula cha kiasi. Mtoto mwenye sukari ya aina ya kwanza hawezi kuiacha hata siku moja. Ugonjwa huu uliitwa sukari ya Flatbush, nao umeonekana tena na tena kwa Waafrika, katika bara letu na ng'ambo.

Sababu yake ni kwamba sukari ikizidi sana na kwa muda, hulipumbaza kongosho. Kiungo kilichokuwa kikifanya kazi kwa taabu hunyamaza, hata ile insulini ndogo ya kulifunga ghala hukosekana; na mtu mnene ana ghala kubwa. Insulini ya sindano hulipumzisha kongosho, nalo huamka.

Basi fikirini mtu wa kilo 100, mwenye duka au fundi mkuu, mwenye tumbo linaloheshimiwa na jirani. Kwa majuma matano amepungua kilo 9. Bado ni mnene machoni pa watu! Rafiki zake humpongeza, humwambia amepata mwili mzuri, naye hufurahi. Hakuna anayemwuliza kwamba huamka mara ngapi usiku kukojoa. Mtu kama huyu akitapika na kupumua kwa nguvu, neno la kwamba "wanene hawapati ketoni" laweza kumwua, hata likisemwa na mhudumu aliyesoma. Ana haki ya kupimwa ketoni sawasawa na yule mtoto wa kilo 29. Tena akikutwa nazo, apewe insulini bila kubishana kwanza juu ya aina ya sukari yake. Swali hilo lina wakati wake baadaye. Na akiruhusiwa kuiacha insulini, iwe kwa amri ya daktari na kwa kupimwa mara kwa mara, kwa kuwa hatari yaweza kumrudia.

Hata kwa vijana wetu wembamba mambo si mepesi kama ilivyodhaniwa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2025 kutoka Kameruni, Uganda na Afrika Kusini uliwahusu watu 894 walioupata ugonjwa huu kabla ya miaka 30, wakahesabiwa kuwa na aina ya kwanza. Karibu theluthi mbili yao hawakuwa na zile alama katika damu zinazoonyesha kwamba mwili umelishambulia kongosho lake wenyewe. Walihitaji insulini, walakini ugonjwa wao haukufanana kabisa na ule wa Ulaya. Vitabu vingi tunavyofundishiwa viliandikwa kwa kutazama miili ya watu wengine.

Limebaki jambo la kupungua kwa hiari, maana siku hizi wengi wahimizwa kupunguza unene. Mnene mwenye sukari ya utu uzima akipungua kwa kula kiasi na kutembea, hutenda vema, na wengine sukari yao hurudi pazuri hata wakaacha dawa kwa muda. Huko ni kupungua kwa kutaka. Kupungua kwa kuugua huja na kiu na mkojo mwingi, nguvu nazo huondoka. Hizo mbili zisichanganywe. Wako watu wanaoacha wanga karibu kabisa ili mwili wao utengeneze ketoni, wakonde. Kwa mtu mzima mwenye insulini yake hiyo si ketoasidosi. Kwa anayetumia sindano ni mchezo wa hatari asioruhusiwa kuujaribu peke yake. Tena ziko dawa mpya ziishiazo na neno gliflozini, kama dapagliflozini na empagliflozini, ambazo huitoa sukari kwa njia ya mkojo na kumpunguza mtu uzito kidogo. Ni dawa njema kwa moyo na figo, lakini mwezi Mei 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba zaweza kuleta ketoasidosi hali sukari ya damu haikupanda sana. Mwenye kuzitumia akitapika, asitulizwe na namba nzuri ya sukari, apimwe ketoni.

Na wazazi wenye binti atumiaye insulini wasikilize kwa upole neno hili. Mgonjwa akianza sindano, uzito humrudia, kwanza maji kwa siku chache, kisha nyama. Ni uzito aliokuwa ameibiwa. Lakini msichana akitazama kioo aona tu kwamba amenenepa, na wengine hugundua siri mbaya, kwamba wakiruka sindano hukonda bila kufunga kula. Hukonda kwa sababu ghala limefunguliwa. Ukiona dawa haiishi kwa wakati wake na nguo zazidi kulegea, usianze kwa kumgombeza. Kaa naye, muulize, umpeleke kwa daktari ambaye hatamwaibisha.

Nyumba yenye mtu wa sindano iwe na vijiti vya kupimia ketoni za mkojo, visivyohitaji umeme, navyo vifunikwe vizuri visipate unyevu. Wengi huuliza, "Leo hali chakula, ana homa, je, tuache sindano?" La. Homa huongeza mahitaji ya insulini, na mwenye aina ya kwanza akiiacha kwa sababu hali chakula, ndipo ketoni huja. Kiasi cha insulini ya chakula chaweza kupunguzwa kwa shauri la daktari, lakini ile ya msingi haiachwi, wala kwa homa, wala kwa safari, wala kwa kufunga na kuomba. Anywe maji mara kwa mara, apimwe sukari na ketoni kila saa chache usiku na mchana, na akitapika mara ya pili aondoke kwenda hospitali, akichukua dawa zake na daftari lake, pamoja na uzito wake wa mwisho ulioandikwa, kwa kuwa insulini na maji atakayopewa huko huhesabiwa kwa kilo.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutanena habari ya miguu ya wagonjwa wa sukari na viatu vinavyoifaa.